Upelelezi Haujakamilika

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya, iwe Bagamoyo, Kibaha au Kinondoni, anaijua sentensi hii kwa moyo: "Mheshimiwa, upelelezi wa shauri hili bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa." Hakimu anatazama kalenda na kuandika tarehe, siku 14 mbele. Aliye kizimbani haulizwi kama anakiri au anakana, kwa sababu mahakama iliyo mbele yake haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Kazi yake ni kuitaja tu. Anashuka na kurudi kwenye karandinga.

Siku moja nilijaribu kupima kwa saa. Kesi ya kijana mmoja aliyeshtakiwa kwa dawa za kulevya ilitajwa na kuahirishwa kwa muda mfupi kuliko ule nilioutumia kwa kikombe kimoja cha kahawa kwa muuza kahawa wa nje. Mama yake alikuwa amepanda daladala mbili kuja kumwona. Walipungiana mikono.

Nina sababu ya kuanzia hapo. Mjadala wa jela na dawa za kulevya, hata kwetu, hukimbilia Marekani. Tumeona filamu na kusoma vitabu, na tunajua kwamba taifa lile tajiri limewafunga watu wake kwa wingi kuliko karibu taifa lolote duniani. Hivyo msomaji wa Pwani akisikia "kufungwa kwa umati" anafikiria Chicago, hafikirii gereza la Keko. Hajakosea sana, maana takwimu zinamuunga mkono. Lakini hapa kwetu sheria za dawa za kulevya zinafanya kazi yake kwa njia nyingine, na ukiwa na kipimo cha Marekani peke yake mkononi huioni.

Tuimalize kwanza hadithi ya Marekani, maana inafahamika. Juni 1971 Rais Richard Nixon aliyataja matumizi ya dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa umma. Mwaka 1973 jimbo la New York, chini ya gavana Nelson Rockefeller, likapitisha adhabu za miaka mingi kwa gramu chache. Mwaka 1986, baada ya mchezaji wa kikapu Len Bias kufa kwa kokeini, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria kwa haraka ya mwaka wa uchaguzi. Gramu 5 za kraki, kokeini ya kuvuta iliyouzwa mitaa ya watu weusi, zilimpa mtu miaka 5 isiyopungua. Ili apate miaka hiyo hiyo kwa kokeini ya unga, iliyopendwa zaidi na wazungu wenye pesa, mtu alihitaji gramu 500. Moja kwa mia. Uwiano huo ulidumu hadi 2010, ukashushwa kuwa moja kwa kumi na nane, jambo ambalo bado linashangaza ukikumbuka kwamba ni kemikali ileile. Kufikia 2008 Marekani ilikuwa na watu takriban milioni 2.3 gerezani, na hata baada ya kupungua kwa miaka kadhaa inabaki na zaidi ya watu 500 waliofungwa kwa kila wakazi 100,000.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kila aliyefungwa Marekani amefungwa kwa dawa. Katika magereza ya shirikisho ni karibu nusu. Katika magereza ya majimbo, ambako ndiko waliko wengi, kesi za dawa ni sehemu ndogo, na kubwa ni makosa ya vurugu. Sheria za dawa zilifanya kitu kingine. Zilimpa askari sababu ya kumsimamisha mtu barabarani, zikampa mwendesha mashtaka silaha ya kumtishia mshtakiwa akiri, na zikamwachia mtu rekodi inayomfuata kwenye kila ombi la kazi.

Sasa kwetu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Magereza yetu yana nafasi ya watu 29,902, na katika miaka ya karibuni idadi ya waliomo imekuwa ikizunguka elfu thelathini na kitu. Ni kama watu 50 kwa kila 100,000, yaani sehemu ya kumi ya Marekani na karibu nusu ya kiwango cha Kenya. Tungefunga kwa kiwango cha Wamarekani, tungekuwa na wafungwa zaidi ya laki tatu na tungehitaji kujenga gereza kila kata. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kukunja jamvi na kusema hakuna la kujadili. Ila ukiuliza ni nani hao waliomo, picha inageuka. Karibu nusu yao hawajahukumiwa. Si wafungwa, ni mahabusu, na katika lugha ya sheria bado ni watu wasio na hatia. Wanasubiri upelelezi ukamilike.

Neno lenyewe gereza tumelipata pwani hii. Wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na njia yake ilipitia ngome, ambamo ndani ya kuta zilezile mlikuwa na altare, mizinga na watu waliofungiwa. Ngome Kongwe ya Bagamoyo imepitia safari inayofanana na hiyo. Ilianza kama nyumba ya tajiri katika miaka ya 1860, ikapita kwa Sultani, Wajerumani wakaifanya kambi ya askari, kisha Waingereza wakaifanya gereza. Leo mtalii anapiga picha kwenye kuta zake za mawe ya matumbawe. Wazee walioishi enzi ya Mjerumani waliwaachia watoto wao maneno mawili kuhusu haki yake: mnyororo na hamsa ishirini. La kwanza ni watu waliofungwa shingo kwa shingo wakipasua barabara. La pili ni idadi ya viboko. Hukumu ilitoka upesi mno, pengine siku hiyohiyo. Siitamani enzi ile, lakini inafaa kukumbuka kwamba kuchelewa hakukuletwa na wakoloni peke yao.

Bhangi ilikuwepo pwani na bara kabla ya sheria yoyote ya kuikataza. Waingereza waliiharamisha Tanganyika kwa sheria mbili, ya dawa za hatari na ya kilimo cha mimea yenye madhara. Adhabu za mahakama za miaka ya 1960 kwa mtu aliyekutwa na misokoto zilikuwa faini, miezi, au miaka michache. Heroini ilitufikia baadaye, miaka ya 1980, kupitia mabaharia na vijana waliosafiri. Kwanza ilikuwa ile ya kahawia, brauni, ya kuvuta au kuchanganya na bhangi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja nyeupe inayoyeyuka kirahisi kwenye maji, na sindano zikaingia mitaani. Watu wakaanza kujidunga Kinondoni, Temeke, Mji Mkongwe, Mombasa. Kufumba na kufumbua kila mtaa wa pwani ulikuwa na maskani yake na mateja wake, na jina "teja" likawa tusi, likawa kazi, likawa utambulisho.

Mzigo unaingiaje? Kwa bahari, hasa. Heroini ya Afghanistan hushuka hadi ufuo wa Makran wa Iran na Pakistan, hupakiwa kwenye majahazi, na hufuata upepo uleule wa kaskazi ulioleta tende na mazulia kwa karne nyingi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi karibu na Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Majahazi ya aina hiyo hayatii nanga bandarini. Mashua ndogo huyafuata kwenye maji makuu na kurudi kwenye bandari bubu. Msafiri wa kutoka Kunduchi kupitia Mbweni, Bagamoyo, Saadani hadi Pangani ataona kwa nini ulinzi wa ufuo huu ni kazi isiyo na mwisho. Ni mikoko, vijito na vijiji vya wavuvi, na usiku taa moja ya karabai baharini haina tofauti na nyingine. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa ndani ya mwezi mmoja. Watuhumiwa walikuwa saba.

Kilo 3,182, watu saba. Iweke kumbukumbu hiyo pembeni, tutairudia.

Sheria ya kwanza kubwa ya zama hizi ilikuja 1995, zama za mikataba ya Umoja wa Mataifa, na nyayo za Washington zilionekana wazi ndani ya mikataba hiyo. Mwaka 2015 Bunge likatunga kali zaidi, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, likaifanyia marekebisho 2017. Anayesafirisha gramu 200 za heroini au zaidi anakabiliwa na kifungo cha maisha. Chini ya hapo, na kwa bhangi au mirungi ya kilo kadhaa au makumi ya kilo, adhabu inayotajwa ni miaka 30. Wapo waliopewa miaka 30 kwa magunia mawili ya bhangi yaliyokutwa kwenye buti la gari. Kuna kifungu laini zaidi kwa mwenye kiasi kidogo, lakini lazima ithibitike kwamba ni cha matumizi yake mwenyewe.

Ukali si kiini cha tatizo. Kiini kimo kwenye neno moja, kusafirisha. Katika Kiswahili cha kawaida kusafirisha ni kutoa kitu hapa na kukipeleka kule. Katika tafsiri ya sheria hii, neno hilo linabeba kuingiza nchini, kutoa nje, kununua, kuuza, kutoa bure, kugawa, kuhifadhi, kuzalisha, kupeleka, na pia kumiliki tu. Mwenye jahazi kwenye maji makuu anasafirisha. Dada aliyekutwa na kete kumi kwenye upindo wa khanga, anazouza ili mwisho wa siku abaki na mbili za kutuliza arosto yake, mateso ya mwili uliokosa dawa, naye anasafirisha. Atashtakiwa kwa jina la kosa lilelile, na mizani ya Mkemia Mkuu ndiyo itakayowatofautisha.

Wavuvi wa Bagamoyo wataelewa hili haraka kuliko wanasheria. Serikali ilipiga marufuku kokoro baharini kwa sababu ya ukweli unaojulikana na kila mtoto wa ufuoni: wavu ule wa macho madogo unakomba kila kitu hadi mchanga, samaki wachanga na mayai yao. Papa hapatikani humo, maana hakai kwenye maji ya magoti. Mtaani, watu huwaita wakubwa wa biashara ya unga mapapa, na wauzaji wa kete dagaa. Nchi hiyohiyo iliyolichoma moto kokoro la baharini ikashona kokoro lingine la nchi kavu na kuliita usafirishaji.

Wavu umeshashonwa. Kinachoujaza ni dhamana, au kukosekana kwake. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaorodhesha makosa yasiyo na dhamana. Mauaji yamo, uhaini umo, ujambazi wa kutumia silaha umo, na usafirishaji wa dawa za kulevya pia umo. Hakimu hana uchaguzi. Hata akiona mbele yake mgonjwa asiye na mahali pa kukimbilia, mkono wake umefungwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miezi michache watu walipumua. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na katazo likarudi kama lilivyokuwa.

Sasa unganisha vipande. Mtu anakamatwa Jumatatu. Kosa lake halina dhamana. Mahakama iliyo karibu naye haina mamlaka. Kielelezo kinatakiwa kwenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi, jalada liende kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na kurudi, na kila mwendo huo unaitwa upelelezi. Mtu yuko gerezani Kigongoni, au Keko, au Segerea. Hakuna hakimu aliyesema ana hatia. Kwa vitendo amekwisha anza kutumikia. Wamarekani walijaza magereza yao kwa hukumu ndefu. Sisi tunayajaza kwa kutokuwa na hukumu, na baada ya hapo, kwa wale wanaofikia hukumu, tunaongeza na urefu.

Watetezi wa sheria hii wana hoja, na si ya kudharauliwa. Wanasema mfanyabiashara wa unga ana pesa, akipewa dhamana ataruka, atanunua shahidi, atanunua hata kielelezo. Mombasa imetupa ushahidi. Ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa huko Novemba 2014. Kesi yao ya kupelekwa Marekani iliahirishwa na kuahirishwa hadi Januari 2017 waliposafirishwa ghafla kwenda New York. Huko walikiri, pamoja na mambo mengine, kwamba waliwahonga maofisa wa Kenya. Baktash Akasha alipata miaka 25 mwezi Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23 mwezi Januari 2020. Tanzania nayo ilimkabidhi Marekani mwaka 2017 mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Shkuba, aliyehusishwa na shehena ya zaidi ya kilo 200 iliyokamatwa Lindi mwaka 2012. Naye alikiri na kufungwa hukohuko. Kwa hiyo mapapa wawili watatu waliowahi kunaswa pwani hii walimalizwa na mahakama za nchi tunayoitumia kama mfano mbaya wa kufunga watu. Ni kejeli ninayoshindwa kuitatua, na sidhani kama napaswa kuitatua.

Ila angalia vizuri, mfano huo haumtetei anayeutoa. Ndugu wa Akasha hawakuishinda mahakama ya Mombasa kwa sababu walipewa haki nyingi mno. Waliishinda kwa pesa. Ukali wa kunyima dhamana haumzuii mwenye pesa. Unamzuia asiye nazo. Mwenye pesa ana wakili wa kufuatilia jalada lake ofisi kwa ofisi, na wakili wa kukata rufaa pia. Rufaa za kesi za dawa hushinda mara nyingi, kwa kosa lilelile linalojirudia: mnyororo wa utunzaji wa vielelezo umekatika. Haijulikani pakiti ilitoka mkononi mwa nani ikaingia kwa nani, hati ya ukamataji haikusainiwa na shahidi huru, au namba ya maabara hailingani na ya polisi. Majaji wa Rufani wanamwachia mtu huru. Wako sahihi. Ila siku hiyo mtu huyo amekwisha kaa ndani miaka, na mlango unapofunguliwa hapewi hata nauli ya kurudi Mlingotini.

Februari 2017 ndipo watu wengi walipoisikia vita hii dhidi ya dawa za kulevya kwa mara ya kwanza. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, alisoma hadharani majina ya watu aliowataka waripoti polisi, wasanii kwanza, kisha wafanyabiashara, mwanasiasa na kiongozi wa dini. Nchi nzima ilikaa kwenye redio. Kesi zilizovuma baada ya hapo zilikuwa za kutumia, si za kuingiza mzigo. Wakati majina yanasomwa, misako ilikuwa inaendelea kwenye maskani ambako hakuna mtu mwenye jina. Kwa uaminifu niseme pia kwamba operesheni zile zilitingisha soko kweli: unga ulipungua mitaani, bei ikapanda, na foleni za kliniki zikarefuka kwa watu waliokimbia arosto. Jambo moja linaweza kuwa na sura mbili.

Miaka miwili baadaye, Julai 2019, Rais John Magufuli aliingia gereza la Butimba, Mwanza, akawaruhusu mahabusu wazungumze. Walizungumza. Neno lililotawala lilikuwa kubambikiwa kesi. Siku chache baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka aliwafutia mashtaka baadhi yao, na tarehe 9 Desemba mwaka huo Rais akawasamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo, karibu sehemu ya sita ya waliokuwemo. Msamaha ni jambo jema kwa aliyesamehewa. Lakini mahabusu hanufaiki nao, kwa kuwa hajahukumiwa na kisheria hana cha kusamehewa. Mwizi aliyefungwa anatoka, na anayesubiri upelelezi anabaki. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ilitoka Julai, na mengi yaliyosemwa Butimba yalisemwa tena humo, safari hii kwa lugha ya kitaalamu.

Niingize hapa jambo la mirungi, kwa sababu linaniudhi. Panda basi Tanga, fika Horohoro, vuka mpaka. Jani ambalo upande wa Kenya ni zao la biashara linalolindwa na sheria, lenye wakulima wake Meru na Embu na wabunge wanaolipigania, upande wetu linawekwa kifungu kimoja na bhangi. Mtu mmoja, mzigo mmoja, hatua mia moja: huku mfanyabiashara, huku msafirishaji wa dawa za kulevya. Wakenya wenyewe hawajakubaliana. Mei 2024 magavana wa pwani, akiwemo wa Mombasa, walipiga marufuku muguka, aina ya mirungi, na mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Hata Marekani ililigusa jani hili. Mwaka 2006 maofisa wa dawa za kulevya wa huko waliwashtaki zaidi ya watu 40, wengi wao Wasomali, kwa kuingiza mirungi. Jani halibadiliki njiani, ila kunyauka. Sitetei mirungi. Nimeona meno ya wanaoitafuna na ndoa za wanaokesha nayo. Nasema tu kwamba miaka 30 ni miaka mingi kwa kitu ambacho majirani wawili hawajaafikiana kama ni kosa.

Wapo pia Watanzania waliofungwa mbali na nyumbani. Mapunda waliomeza kete wakapanda ndege kwenda Hong Kong, Macau, Guangzhou, walijaa magereza ya huko mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2013 kasisi mmoja aliyehudumia magereza ya Hong Kong, Padri John Wotherspoon, alianza kusambaza barua ambazo wafungwa hao waliwaandikia vijana wa nyumbani, wakiwaeleza jinsi walivyodanganywa na nani huwatuma. Barua hizo zilifanya kazi ambayo mabango mengi hayakuifanya, kwa sababu zilikuwa na Kiswahili cha mtaani na majina ya mitaa inayojulikana. Wengine hawakufika hata kwenye ndege. Waliachwa Pakistan wamewekwa rehani kama dhamana ya mzigo uliochukuliwa kwa mkopo, na tajiri asipolipa, rehani ndiye anayelipa. Tofauti yao na tajiri ni kwamba tajiri hajawahi kuwa na namba ya gereza.

Niliomba ikumbukwe hesabu ya Desemba 2023: kilo 3,182, watu saba. Mkamate teja mwenye nusu gramu, na ili ufikie uzito huo utahitaji kuwakamata zaidi ya watu milioni sita. Hiyo ndiyo hesabu inayonifanya nisione faida ya kokoro. Askari mmoja mwenye taarifa sahihi kwenye bandari bubu moja anaondoa sokoni kile ambacho karandinga zote za Pwani na Dar es Salaam haziwezi kukiondoa kwa maisha yetu yote. Na mamlaka inajua, maana ukamataji wake mkubwa umetokana na upelelezi wa aina hiyo, si na misako ya maskani.

Jambo la ajabu ni kwamba serikali hiihii imefanya kitu kingine ambacho nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijathubutu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayozima arosto bila kumlewesha mtu kama heroini inavyofanya. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, na Bagamoyo nayo ikapata yake. Leo waraibu zaidi ya 15,000 wanahudumiwa. Zimeenea pia nyumba za soba, Unguja, Bagamoyo na kwingineko, zikifuata hatua 12 zilizobuniwa na walevi wa Marekani katika miaka ya 1930. Ndiyo kusema Wamarekani wametuletea vitu viwili, vita na hatua 12. Vita tuliipokea kwa sheria na bajeti. Hatua 12 tuliziachia familia zilipe ada ya mwezi.

Pale vita na tiba vinapokutana ndipo penye uchungu wa suala zima. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya muuguzi. Haichukuliwi nyumbani kirahisi. Mtu akikosa siku kadhaa, dozi yake lazima ianze upya kutoka chini, kwa sababu mwili umeshasahau. Wengi wa wanaojidunga wana maradhi mengine pia. Tafiti za Dar es Salaam ziliwahi kukuta zaidi ya theluthi yao wana virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo anayenyang'anywa siku tano kwenye kituo cha polisi ananyang'anywa na dawa zake zote. Segerea imepata kliniki ndani ya ukuta, na hilo ni jambo kubwa linalostahili sifa. Lakini Segerea ni moja. Magereza mengi hayana, na vyumba vya mahabusu vya polisi havina kabisa. Huko arosto hutibiwa kwa ndoo ya maji na uvumilivu wa waliolala pembeni.

Kliniki hutoa dozi asubuhi, na mahakama hutaja kesi asubuhi. Mtu aliyeko nje, kwa kosa dogo lenye dhamana, ana foleni mbili saa tatu ileile, na kuzikosa zote mbili kuna adhabu. Akichelewa mahakamani inatolewa hati ya kumkamata. Akichelewa kliniki, jioni mwili wenyewe utamkamata. Wengi hukimbia kwanza kliniki, wakanywa, kisha wakapanda bodaboda. Hufika wakati kesi yao imekwisha tajwa.